Safu ya Maoni

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mwalimu Aneth aliweka vitu vyake kizingitini kwa utaratibu uleule. Kwanza fungu la madaftari lililofungwa kwa kamba ya katani, juu yake rula ndefu ya mbao, na pembeni kopo la vizibo vya soda vya kuhesabia. Kisha alirudi ndani kumalizia chai. Hakuhitaji kuchungulia. Angesikia kandambili zikija mbio kutoka upande wa mashamba ya alizeti, halafu sauti tatu kwa pamoja, "Shikamoo madam," na wasichana watatu wa darasa la nne wangegawana ule mzigo na kutangulia nao shuleni. Belinda alichukua kopo siku zote, kwa sababu alipenda linavyolia akitembea.

Asubuhi hiyo ya mwishoni mwa Mei kandambili zilikuja kama kawaida. Aneth akashusha kikombe. Zikapita. Zikaenda hatua kumi na moja mbele, ingawa hakukusudia kuzihesabu, zikasimama kwenye mlango wa pili wa nyumba ya walimu, na sauti zilezile tatu zikasema, "Shikamoo Madam Lea."

Kikafuata kicheko. Lea aliuliza kitu, wakamjibu kwa Kinyaturu, naye akakirudia vibaya, pengine kwa makusudi, wakacheka tena mpaka mmoja akapaliwa. Walipoondoka walikuwa wamebeba debe tupu la bati, wakilipiga kama ngoma. Aneth alipotoka, madaftari yake yalikuwa palepale na upepo ulikwisha kuyapaka vumbi. Akayapangusa kwa upindo wa kitenge, akabeba mwenyewe. Kopo lililia njia nzima hadi shuleni.

Lea alikuwa na wiki tatu tu pale. Alihamishwa kutoka Manyoni, akapewa chumba cha pili cha nyumba ileile na nusu ya darasa lilelile. Darasa la nne lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane, wote wa Aneth kwa somo la hesabu tangu walipokuwa la tatu, wengine wakikaa chini mbele kabisa, magoti yao yakigusa ubao. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akanyoosha mkono katikati kama anayekata keki: upande huu ni mkondo A, upande ule mkondo B. Belinda na wenzake wawili walikuwa upande ule, ingawa hadi jana yake waliendelea kubeba mzigo wa Aneth. Aneth alipoulizwa maoni yake kwenye kikao alisema, "Sawa tu, mwalimu." Alikuwa mtu wa kusema sawa tu. Chuoni, mkufunzi mmoja aliwahi kuandika kwenye ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha kwamba anapendwa na watoto na hasikiki na watu wazima.

Kwa hiyo asubuhi ile, watoto waliopita mlangoni kwake hawakuwa wamekosea. Walikuwa wa Lea sasa, na watoto hubeba madaftari ya mwalimu wao. Aneth alijieleza hivyo mara tatu kabla ya kengele. Haikusaidia.

Jambo lililozidi kumnyima raha lilikuwa tangazo la Jumatatu. Mwalimu Alute, mzee wa taaluma aliyesimamia masomo yote, aliwaita wote wawili mezani kwake akawaambia kwamba muhula wa pili darasa la nne linakwenda kwenye upimaji wa taifa, na mwalimu mkuu hataki mikondo miwili iende kila mmoja na njia yake. Hesabu za darasa zima zitashikwa na mtu mmoja. Yule mwingine atakwenda darasa la kwanza. Kila mmoja aandike azimio la kazi la muhula, alete kufikia Ijumaa asubuhi, na yeye ataangalia ni lipi linaloeleweka.

"Nileteeni kitu ambacho hata nikifa kesho mwingine anaweza kukishika akaingia darasani," alisema. "Sio mapambo."

Aneth alijua kuandika azimio la kazi kuliko alivyojua kupika. Aligawa karatasi kwa rula: mwezi, wiki, mada, idadi ya vipindi, zana, rejea, tathmini, na mwisho kabisa upande wa kulia safu nyembamba ya maoni, ambayo huachwa wazi na kujazwa kadiri mada zinavyofundishwa. Maazimio yake ya miaka miwili yaliyopita yalikuwa bado yametundikwa ukutani mwa ofisi kama mfano. Wiki ya kwanza ya Julai, namba nzima hadi laki. Wiki ya tatu, mzingo. Agosti, vipimo. Septemba, takwimu kwa picha. Hakuweka sehemu, zile nusu na robo na theluthi, kwa sababu mada hiyo ilikuwa ya Aprili na Aprili ilikwisha. Alipomaliza aliliinua azimio mbele ya dirisha akaona lilivyo safi, hakuna mahali palipofutwa, na kwa muda mfupi moyo wake ukatulia.

Lea hakuanza kwa kuandika. Siku ya Jumanne alikwenda na wale wasichana watatu kwenye mashamba, akarudi jioni miguu imejaa mikwaruzo. Jumatano alikaa kwa mama mmoja anayekausha alizeti, akimuuliza watapura lini na watoto watatakiwa siku ngapi. Aneth aliyasikia hayo bombani, alikokwenda kuchota maji. Akina mama walimsifu Madam Lea mbele yake, kwa wema kabisa, kama mtu anavyokusifia nguo ya mwenzako. Mmoja alisema hajawahi kuona mwalimu akiuliza mambo ya shamba. Aneth akatabasamu na kuinamisha uso kwenye ndoo. Mwaka wa tatu huu anaishi pale. Yeye ni Mnyiramba, jirani wa Wanyaturu, maneno yao karibu yote anayaelewa, lakini hakuna aliyemcheka akijaribu kuyasema kwa sababu hajawahi kujaribu.

Alhamisi saa kumi alirudi mapema. Kwenye kibaraza, juu ya kigoda cha Lea, kulikuwa na kaunta buku wazi, na upepo ulikuwa unalipekua. Karatasi moja iliyolegea ilianza kunyanyuka. Aneth akaikamata, akatafuta jiwe la kuikandamizia, na akiwa na jiwe mkononi, akasoma.

Lilikuwa azimio lililochafuka. Kalamu mbili, mishale, mahali pamefutwa pakaandikwa upya. Julai wiki ya kwanza na ya pili: vipimo vya ujazo na uzani, na pembeni Lea ameandika, *wengi watakuwa kwenye kupura alizeti, watakaokuja waje na debe na vipimo vya nyumbani, watakaokosa watakuwa wanapima hukohuko*. Ndiyo maana ya lile debe. Wiki ya tatu, kuanzia siku atakayorudi mtoto wa mwisho: *sehemu, vipindi kumi na viwili, kuanzia nusu na robo.*

Aneth alisoma mstari huo mara mbili. Vipindi kumi na viwili. Kuanzia nusu na robo, kama kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha. Kama kwamba yeye alikaa na watoto wale mwaka na nusu akiwaimbisha. Akaliweka jiwe juu ya karatasi kwa uangalifu mkubwa, akaingia chumbani kwake, akatoka tena, akaenda moja kwa moja ofisini.

Mwalimu Alute alikuwa anafunga kabati. Aneth alimwamkia, akasimama akishika kona ya meza. Alianza kwa kusema hana neno baya. Kisha akasema ameona tu, kwa bahati, kwamba Madam Lea anataka kurudia mada iliyokwisha kufundishwa na kujazwa, na kwamba vipindi kumi na viwili vikipotea hapo, takwimu haitafikiwa kabla ya mtihani. Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia meza. Mzee akamtazama juu ya miwani.

"Leo umeongea sana, mwalimu," alisema. "Vizuri. Kesho saa nane nitamuuliza mwenyewe."

Usiku alilala vizuri, jambo lililomshangaza.

Ijumaa asubuhi akataka ushahidi. Aliingia mkondo A, akagawa vipande vya karatasi, akaandika ubaoni swali moja tu: robo moja jumlisha robo mbili. Aliwapa dakika tano. Alikuwa amekwisha kuwaza jinsi atakavyoziweka karatasi hizo hamsini na kadhaa mbele ya Mwalimu Alute bila kusema lolote, ziseme zenyewe.

Alianza kuzisahihisha watoto wakiwa mapumzikoni. Ya kwanza: juu tatu, chini nane. Ya pili: juu tatu, chini nane. Mtoto wa tatu alikuwa amepata, na Aneth akavuta pumzi. Wa nne, juu tatu, chini nane. Walijumlisha vya juu, wakajumlisha na vya chini, kwa hati nzuri, na wengine walipigia jibu mstari mara mbili kama alivyowafundisha kupigia jibu mstari. Karatasi hamsini na tatu. Waliopata walikuwa kumi na wanne.

Alikaa na kalamu nyekundu mkononi. Aliwajua wale kumi na wanne. Wanane walikuwa watoto wa walimu na wa wenye maduka pale senta, na sita wa familia zisizolima uwele.

Maana Aprili ilikuwa ya ndege. Uwele ulipoanza kukomaa, kwelea kwelea walishuka kama moshi, na watoto wakawa mashambani kuanzia alfajiri wakipiga makopo na kurusha udongo. Darasa la watoto mia na kumi na wanane lilibaki na thelathini na watano, siku nyingine ishirini. Aneth alifundisha sehemu kwa hao waliokuwepo, akasema wengine wakirudi atarudia. Waliporudi, uvumi ulikuja kwamba wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wako shule ya jirani na kesho watafika. Alasiri hiyohiyo, ofisini, akiwa na kalamu moja na mkono unaokimbia, Aneth alijaza safu ya maoni ya wiki tatu kwa mpigo mmoja. *Mada imefundishwa. Wanafunzi wameelewa. Mada imefundishwa. Wanafunzi wameelewa.* Kila mwalimu pale alikuwa anajaza. Walicheka hata, wakashindana nani amemaliza. Wathibiti hawakufika. Na maneno yakishaandikwa hapo kwa wino huwa kama kweli. Alipoyasoma tena mwezi Mei, aliyaamini.

Akakunja zile karatasi, akaziweka kwenye mkoba, chini kabisa, chini ya kanga.

Saa nane walikaa watatu ofisini. Mwalimu Alute alikuwa na maazimio mawili mbele yake, moja safi, moja kama limetoka vitani. Alianza na mzaha, kama kawaida yake. Akamwambia Lea kwamba watu wa Manyoni, watu wa reli, wana shida, hata mada wanazipakia kwenye mabehewa na kuzishushia kituo wanachotaka. Lea akacheka, akasema afadhali reli, inajulikana inakwenda wapi. Kisha mzee akavua miwani, na Aneth akajua mzaha umekwisha.

"Hizi sehemu," alisema, akiweka kidole. "Azimio la muhula huu linasema zimefundishwa na zimeeleweka. Ninalo hapa. Sasa wewe kwa nini unataka kuanza na nusu na robo kama la pili?"

Lea alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye uso usioficha kitu, na Aneth aliona uso huo ukitafuta pa kukanyaga. Mbele ya Lea lilikuwepo daftari la mtoto, limefunikwa gazeti. Aneth alilitambua kwa kile kibandiko cha ua, la Belinda. Hakuhitaji kulifungua ili ajue kilichomo. Aprili kumi na moja, kisha ukurasa unaofuata Mei mbili, na katikati hakuna kitu, hata mstari.

Kwa hiyo Lea alijua. Alijua tangu alipoyapokea yale madaftari, akanyamaza wiki tatu nzima, akipita kibarazani akimsalimia na kumuuliza kama ana chumvi.

Lea akaliweka daftari mapajani.

"Ni mimi, mwalimu," alisema. "Nilipowapokea niliwapa zoezi la haraka haraka, nikawavuruga. Namna yangu ilikuwa tofauti na ya Madam. Ndiyo nikaona nirudie tangu mwanzo niwanyooshe."

"Umewavuruga kwa wiki tatu?"

"Kidogo."

"Vipindi kumi na viwili sio kidogo, mama." Mzee alivaa miwani yake. Alionekana kusikitika, kwa sababu alilipenda lile azimio lililochafuka. Tangu asubuhi alikuwa amelisoma mara mbili. Alisema mpango wa alizeti ni wa akili, ila mtu aliyewavuruga watoto kwa zoezi moja, yeye hawezi kumpa watoto mia moja na kumi na wanane kwenye mwaka wa mtihani. Darasa la kwanza nao ni watoto, alisema, na wanahitaji mtu mchangamfu. Akalivuta azimio la Aneth, akalinyoosha kwa kiganja, akatafuta kalamu.

Aneth alikuwa ameshinda. Aliutazama mkono wa mzee ukipapasa mfuko wa shati, na akaona Julai yote kama ilivyopangwa: Belinda anarudi mlangoni na kuchukua kopo. Madaftari yanabebwa. Mzingo, wiki ya tatu. Watoto thelathini na tisa wa mkondo A, na wa B ambao hakuwa na haja ya kuwapa swali, wanajumlisha vya chini kwa hati nzuri na kupigia mstari mara mbili, wanaingia na kosa hilo kwenye mtihani, na safu ya maoni inasema wameelewa. Na Lea yuko darasa la kwanza akiimbisha a, e, i, o, u, hasemi kitu.

Kalamu ilipatikana. Ilikataa kuandika. Mzee akaikung'uta.

"Mwalimu, naomba usisaini," Aneth alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno, akadhani hawakusikia. Akafungua mkoba, akatoa kanga, akatoa karatasi zilizokunjwa, akazisukuma mezani. Zingine ziliteleza zikaanguka. Lea aliinama kuziokota, akasoma ya kwanza, na badala ya kuiweka juu ya nyingine akaishika tu.

Aneth akaeleza. Hakueleza vizuri; alianzia katikati, akarudi kwenye ndege, akaruka kwenye wathibiti ubora. Alisema walikuwa watoto thelathini na watano. Alisema aliahidi kurudia na hakurudia. Alisema ile safu aliijaza siku moja, wiki zote tatu, na kwamba hakuna aliyewavuruga watoto, walimfikia Madam Lea wakiwa hivyo hivyo. Mwalimu Alute alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee aligeuka akaangalia ukutani, kwenye maazimio ya Aneth yaliyotundikwa kama mfano.

"Na mimi ndiye niliyewaambia mjaze," alisema hatimaye. Alikiri kama mtu anayetoa mwiba, polepole. Kisha akamgeukia. "Lakini jana ulikuja hapa kwa miguu yako. Ulijua umejaza. Sasa ulikuja kunisemea mwenzako kwa nini? Ulikuwa unataka nini, Aneth?"

Alimwita kwa jina, bila ualimu. Nje, mkondo B walikuwa wanachezea debe, lile la bati, wanalipiga kwa zamu.

Aneth alifungua mdomo aseme sawa tu. Ndilo neno lililokuwa karibu. Angesema amekosea, apewe darasa la kwanza, sawa tu, na angekwenda nyumbani na kulia vizuri, na kila kitu kingeisha bila mtu kujua alichokuwa anakitaka. Badala yake alimtazama Lea, aliyekuwa bado ameishika ile karatasi yenye juu tatu na chini nane.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Jumanne asubuhi watoto walipita mlangoni kwangu wakaja kwako. Nilikuwa nimeweka kopo nje. Nikasikia mnavyocheka. Nakuonea wivu unavyowauliza mama zao. Mimi nina miaka mitatu hapa, naona aibu kuuliza. Azimio lako ndilo zuri, mwalimu asaini hilo. Ila sitaki darasa la kwanza. Nisikudanganye, sitaki. Nawataka wale watoto, na zile sehemu nataka kuzifundisha mimi, mwenyewe, kuanzia nusu na robo, na wewe uwepo."